Upepo wa Sarima na hesabu ya mara nane

Upepo unaovuma mita 10 kwa sekunde una nguvu mara ngapi kuliko ule wa mita 5? Wengi niliowauliza hujibu mara mbili, na wanajibu bila kusita. Kumbe ni mara nane. Nimefuatilia habari za mitambo ya upepo kwa muda sasa, na kila nikitaka kuelewa jambo linaloihusu, iwe ni kwa nini ilijengwa pale ilipojengwa, kwa nini nyaya zake ni ndefu vile, au kwa nini watu walifikishana mahakamani, najikuta nimerudi kwenye hesabu hiyo moja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Hewa ina uzito, ingawa hatuuhisi: mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo moja na kitu. Chochote chenye uzito kikiwa mwendoni kina nishati, na nishati hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati huwa mara nne. Ila upepo una nyongeza yake. Ukienda kasi maradufu, hata kiasi cha hewa kinachopita mbele yako kila sekunde huwa maradufu. Kila kilo imebeba mara nne, na kilo zenyewe zimekuwa mara mbili. Nne mara mbili ni nane. Na ukiigeuza hesabu, upepo ukipungua nusu, wewe mwenye mtambo unabakiwa na thumuni tu.

Kwa hiyo anayetafuta umeme wa upepo hatafuti mahali penye upepo kidogo karibu na mjini. Anatafuta penye upepo mkali, hata kama ni mbali kiasi gani. Ndiyo maana mradi mkubwa kuliko yote ya aina hii nchini Kenya uko Sarima, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Mombasa ambako vifaa vyake vilishushwa. Kuna mitambo 365 pale, kila mmoja wa kilowati 850, na kwa jumla ni megawati 310. Upepo wa Sarima kwa wastani huenda karibu mita 11 kwa sekunde, na hauchoki.

Mimi ni mtu wa Pwani, nimelelewa na kaskazi na kusi, kwa hiyo nilitaka kujua upepo wa namna hiyo unatoka wapi bara kule. Mwaka 1982 wanasayansi wawili, Kinuthia na Asnani, walichapisha utafiti kuhusu mkondo wa upepo wenye kasi kubwa uliokuwa haujaelezwa kabla ya hapo. Kaskazini mwa Kenya, kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuna uwazi mpana wa nchi ya chini. Hewa inayoingia kutoka upande wa Bahari ya Hindi inakuta milima pande zote mbili, haina pa kupita ila hapo katikati, na ikibanwa inaongeza kasi. Karibu na ziwa inabanwa tena kati ya mlima Kulal na mlima Nyiro. Mwaka mzima, iwe ni majira ya kusi au ya kaskazi, upepo wa Sarima huja kutoka upande ule ule wa kusini-mashariki. Wajenzi walilijua hilo na wakaipanga mitambo kwa safu zinazoukingama upepo, kwa sababu mtambo uliosimama nyuma ya mwenzake hupata makombo: hewa iliyokwisha kunyang'anywa kasi na kuvurugwa.

Huna haja ya kufika Marsabit ili kuuona mtambo wa aina hiyo kwa karibu. Vilima vya Ngong, nje kidogo ya Nairobi, vina mitambo ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya. Miwili ya kwanza ilisimikwa mwaka 1993, na leo kuna megawati 25.5. Mitambo 6 iliyowekwa mwaka 2009 ni ya muundo ule ule wa Sarima, Vestas V52 kutoka Denmark, yenye mapanga matatu, kila moja lenye urefu wa mita 25. Ukiitazama kutoka barabarani utadhani inajikokota. Lakini panda ukasimame chini yake. Panga linashuka na mvumo mzito, fuuu, na kabla sikio halijatulia la pili limeshafika, na kivuli chake kinafagia nyasi na migongo ya ng'ombe wanaolisha hapo bila kuinua kichwa. Nilisimama nikihesabu mizunguko mpaka shingo ikauma. Ukiwa na upepo mzuri mtambo huu huzunguka kama mara 26 kwa dakika. Inaonekana ni kidogo, lakini ncha ya panga iko mbali na kitovu, kwa hiyo ncha hiyo inakwenda mita 70 kwa sekunde. Ni zaidi ya kilomita 250 kwa saa.

Hapo ndipo palipo na jambo ninalolipenda kuliko mengine yote katika mashine hii. Upepo unakwenda mita 11 kwa sekunde, na ncha ya panga inakwenda 70. Kitu kinachosukumwa kitawezaje kumkimbia anayekisukuma?

Nahodha wa jahazi anajua jibu. Upepo ukitoka tezini, yaani nyuma ya chombo, tanga husukumwa tu, na chombo hakiwezi kuushinda upepo mwendo. Lakini nahodha akielekeza omo, yaani pua ya chombo, joshini, upande unakotoka upepo, mambo hubadilika. Upepo unapopita kwenye tanga lililotuna, unalazimika kupinda. Upande wa mgongo wa tanga mgandamizo wa hewa hushuka, upande wa tumboni hupanda, na tanga likavutwa kukingama njia ya upepo wala si kuufuata. Panga la mtambo ni tanga la aina hiyo, isipokuwa limefungwa kwenye kitovu, kwa hiyo badala ya kwenda ng'ambo linazunguka. Kadiri linavyokwenda kasi ndivyo linavyokutana na hewa nyingi zaidi kwa mbele, na hewa hiyo huliongezea mvuto. Likitazamwa vizuri linaonekana limesokotwa: shinani ni nene na limegeuzwa kuukabili upepo, nchani ni jembamba na limelala karibu bapa. Ncha inakimbia kuliko shina, hivyo kwake hewa inaonekana kuja kutoka upande mwingine, na kila sehemu ya panga imekatwa kwa pembe inayoifaa yenyewe.

Watu huniuliza kwa nini mapanga ni matatu tu na nafasi kati yao imeachwa wazi. Je, upepo unaopita katikati si hasara? Mjerumani Albert Betz alilijibu swali hilo kwa hesabu mwaka 1919. Ukitaka kuchukua nishati yote ya upepo, hewa italazimika kusimama kabisa nyuma ya mtambo, na hewa iliyosimama inaziba njia ya inayokuja. Lazima uiache iende zake na sehemu ya kasi yake. Betz alionyesha kwamba hakuna mtambo, hata uwe wa ufundi gani, utakaovuna zaidi ya asilimia 59 ya nishati inayoupitia. Na mapanga yanayokwenda kasi yanatosha kuigusa hewa yote ya duara lile, hata yakiwa matatu.

Duara la V52 lina eneo la zaidi ya mita za mraba 2,100. Upepo wa Sarima ukipita humo kwa mita 11, ni karibu tani 25 za hewa kila sekunde. Nimeirudia hesabu hiyo kwa sababu sikuiamini mara ya kwanza, na ni kweli. Tani 25, kila sekunde, katika mtambo mmoja. Hewa hiyo imebeba takriban kilowati 1,500, na mtambo hutoa kama kilowati 600 za umeme. Uhamishe mtambo huo huo mahali penye upepo wa mita 5 na nusu, hautakupa 300. Utakupa chini ya 100. Hiyo ndiyo thumuni.

Mpaka hapa hakuna umeme bado, kuna kitu kinachozunguka tu. Juu ya mnara, ndani ya kile kibanda cheupe, ekseli nene inaingia kwenye giaboksi, na giaboksi inaigeuza mizunguko ile 26 kuwa zaidi ya 1,500 kwa dakika kwenye ekseli nyembamba ya upande wa pili. Hiyo ndiyo inayoendesha jenereta. Kanuni ya jenereta haijabadilika tangu Michael Faraday aionyeshe London mwaka 1831: sumaku ikipita karibu na waya wa shaba, waya hupata msukumo wa umeme. Ndani ya jenereta ya V52 kuna koili za shaba zinazozunguka, zimepewa umeme kidogo ili ziwe sumaku, na pembezoni kuna koili nyingine zilizosimama. Sumaku ikipita, umeme unasukumwa huku. Ikija ya upande wa pili, unasukumwa kule. Kwenye gridi yetu, yaani mtandao wa nyaya za umeme wa nchi, hali hiyo hujirudia mara 50 kila sekunde, na haina ruhusa ya kuwa 48 wala 53. Upepo haujui habari ya 50. Unazidi na kupungua upendavyo. Kwa hiyo vifaa vya elektroniki hurekebisha umeme unaopelekwa kwenye koili zinazozunguka, ili hata mapanga yakienda mbio au yakilegea, kinachotoka kiwe 50 daima.

Jenereta inayotoa umeme hupinga kuzungushwa. Ukiikatia mzigo, inazunguka kwa wepesi; ukiipa taa na viwanda vya kuhudumia, inakuwa nzito. Uzito huo ndio kazi yenyewe: bila mzigo wa kuzungushwa upepo hautoi chochote, hata uvume namna gani.

Umeme unatoka na volti 690, ambazo hazifiki mbali. Transfoma ya kila mtambo huipandisha hadi 33,000 kabla ya kuipeleka kwenye kituo cha pamoja, na huko hupandishwa tena. Sababu ni kwamba waya hupata moto kutokana na mkondo wa umeme unaopita, na upotevu huo nao hukua kwa mraba. Ukipandisha volti, mkondo unapungua, na umeme unafika ukiwa karibu mzima.

Halafu kuna siku upepo unazidi. Hapa ile hesabu inageuka na kuwa hatari, kwa sababu upepo wa mita 22 una nguvu mara nane ya ule wa 11, na hakuna giaboksi ya mtambo huu itakayoustahimili. Kwa hiyo kuanzia mita 16 hivi kwa sekunde, mapanga hujigeuza kidogo kidogo kwenye mashina yake na kuumwaga upepo wa ziada, ili mtambo ubaki kwenye kilowati 850 zake. Ukifika mita 25, kilomita 90 kwa saa, mapanga hugeuka kabisa, makali yakaelekea upepo, na mtambo husimama. Chini ya mita 4 pia haufanyi kazi. Wapo wanaouona mtambo umesimama siku ya dhoruba wakasema umeharibika. Hapana, umejilinda.

Sasa turudi barabarani. Mapanga ya Sarima ni 1,095, na kila moja lilipita juu ya lori refu kutoka Mombasa. Barabara ya kutoka Laisamis, zaidi ya kilomita 200, ilibidi ikarabatiwe kwanza. Wakati ule duniani kulikuwa na mitambo mikubwa zaidi, ya megawati 2 na 3, lakini wenye mradi walichagua huu mdogo wenye mnara wa mita 44. Naona walichagua vizuri. Panga la mita 25 linapita kwenye kona ambazo la mita 50 lisingepita, na mtambo mdogo ulio imara ndio unaoufaa upepo mkali.

Mitambo yote ilikuwa imesimama kufikia mwaka 2017. Laini ya kuupeleka umeme kwenye kituo cha Suswa, kaunti ya Narok, zaidi ya kilomita 400 za minara na nyaya, haikuwa tayari. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kandarasi ilikuwa imefilisika. Mitambo 365 ikakaa ikiupokea upepo bora kabisa wa nchi hii bila mahali pa kuupeleka, na mkataba ukaitaka Kenya ilipe mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwashia mtu taa. Laini ilikamilika, na umeme ukaingia kwenye gridi Septemba 2018. Hilo linaniuma hadi leo. Kila mtu alifurahia mapanga, picha zikapigwa, na nyaya zikaachwa ziwe jambo la baadaye.

Nyaya hizo hizo zinapita juu ya vijiji ambavyo havina stima. Wenyeji huuliza kwa nini wasiunganishwe na umeme unaopita juu ya vichwa vyao, na ni swali la haki. Jibu la kiufundi ni kwamba laini iliyojengwa kubeba kilovolti 400 haidonolewi njiani. Inahitaji kituo kizima cha kuishusha, na kituo hicho ni ghali kuliko kijiji kinavyoweza kulipa. Hilo ni jibu la kihandisi tu. Nchi inayoweza kupitisha nyaya juu ya watu inaweza pia kujenga gridi ndogo za sola kwa watu hao, na ilipaswa kuwa sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza.

Suala la ardhi ni zito zaidi. Ekari 150,000 zilikodishwa kwa ajili ya mradi, katika nchi ya malisho ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na El Molo. Misingi ya mitambo yenyewe inachukua sehemu ndogo sana, na mifugo hupita katikati ya safu. Lakini wenyeji walikwenda mahakamani mwaka 2014 kulalamikia jinsi ardhi hiyo ilivyotolewa, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati zilitolewa kinyume cha taratibu. Nakubaliana na wenyeji, na hoja yangu inatoka kwenye ile ile hesabu ya mara nane. Ardhi ile iliitwa jangwa, ardhi kame isiyo na faida. Kama mita 11 za upepo zinatoa mara nane ya mita 5 na nusu, basi ile ni miongoni mwa ardhi zenye thamani kubwa kuliko zote Kenya, na waliokaa juu yake kwa vizazi vingi walipaswa kuketishwa mezani wakijua hivyo. Kule Kinangop mradi mwingine wa upepo, wa megawati 60, uliachwa mwaka 2016 baada ya wananchi kukataa. Upepo ulikuwepo, fedha zilikuwepo, maelewano hayakuwepo.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili linatuhusu sisi tunaokaa mjini. Mkondo wa upepo wa Turkana huvuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri. Mchana jua linapochoma ardhi, hewa ya chini huchemka na kuchanganyikana na ya juu, na mkondo hulegea. Usiku ardhi ikipoa, mkondo unapata njia yake. Sisi tunawasha taa, majiko na televisheni kati ya saa moja na saa nne usiku, kisha tunalala, na matumizi ya nchi yanashuka sana. Wakati huo huo mvuke wa chini ya ardhi wa Olkaria, unaotoa sehemu kubwa ya umeme wetu, hautaki kupunguzwa na kuongezwa ovyo. Matokeo yake, usiku ambao Sarima ina upepo mwingi zaidi ndipo baadhi ya mitambo huambiwa ipunguze. Mapanga yanageuzwa, na upepo wa mita 12 na 13 unaachwa upite bure.

Betri kubwa zitasaidia, na kusukuma maji hadi kwenye mabwawa ya juu ili yateremke jioni ni njia iliyozoeleka kwingineko. Lakini kuna wateja wa usiku ambao tayari wako barabarani. Tangu mwaka 2023 kuna bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri, na saa za matumizi madogo hushuka hadi nusu. Betri ya bodaboda ya umeme hubeba kilowati-saa mbili au tatu hivi. Mtambo mmoja wa Sarima ukifanya kazi kikamilifu kwa saa moja usiku unaweza kujaza zaidi ya betri 250 kama hizo, hata ukitoa zinazopotea njiani. Vituo vingi vya kuchajia viko Nairobi. Ningependa kuona vingi zaidi Isiolo, Nakuru, Kisumu, Eldoret na Mombasa, na ningependa EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, kila inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bei ya stima, ianze kwa kutangaza ni megawati ngapi za usiku zilizoachwa zipite mwezi uliotangulia.